Jinsi ya kumsaidia mwanafunzi wa Mtwara au Lindi afike kwenye kongamano la takwimu akiwa na kazi ya kuonyesha

Walimu wenzangu, viongozi wa serikali za wanafunzi, wazazi, na yeyote mwenye kijana anayesoma takwimu, hisabati, uchumi, kilimo au afya huku kusini, huu mwongozo ni wenu. Tangazo la kongamano likitoka linazunguka kwenye magrupu, watu wanaandika "nafasi hiyo vijana", alafu linaishia hapo. Wanaoenda ni wa Dar, Nairobi na Kampala, na siyo kwamba wana akili kuwashinda wetu, wao pale chuoni kuna mtu anayejua hizi shughuli zinaendaje. Na sisi tukiamua kusaidia tunakimbilia nauli. Nauli inapatikana jamani, ni tabu lakini inapatikana. Kinachokosekana ni kazi iliyoiva mapema na kijana aliyezoea kuitetea mbele za watu, ndo maana humu pesa nimeiweka katikati na kazi nimeiweka mbele.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Makongamano mengi ya ukanda wetu yanapokea muhtasari wa utafiti miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo ukisubiri mpaka tangazo litoke ndo utafute mwanafunzi, umechelewa. Tafuta mapema ni makongamano gani yanajirudia. Kuna mtandao wa SUSAN, ule wa watakwimu wa baiometria, yaani takwimu za viumbe hai kama mazao na afya, kusini mwa Sahara, wao wanakutana kila baada ya miaka miwili. Kuna shughuli zinazofanyika karibu na Siku ya Takwimu Afrika, 18 Novemba, ambayo imekuwepo tangu 1990. Na kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni, Dar, hao wapo tangu 1965, ukiwa na mtu unayemfahamu pale utasikia mambo mapema kuliko kusubiri bango la tangazo.

Ukishapata tarehe ziweke kwenye karatasi moja pamoja na tarehe za UE (mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula), mafunzo kwa vitendo, Ramadhani, na msimu wa korosho. Usidharau hili. Kijana mwenye UE wiki ile ile hataenda hata ukimlipia ndege, na wengi wa vijana wetu ni Waislamu, safari ya siku mbili na kufunga inahitaji kupangwa. Na korosho nitaieleza kwenye pesa.

Hatua ya 2: Apate data yake mwenyewe, au ya bure lakini swali liwe lake

Hapa ndo penye uzito wote, nitakaa kidogo.

Mwanafunzi wetu ukimwambia andika utafiti atakuja na kichwa kama "Mambo yanayoathiri uzalishaji wa korosho Tanzania". Hicho hakibebeki, Tanzania ni kubwa, mambo ni mengi, na watu wamekiandika mpaka kimechakaa. Kaa naye mkipunguze. Anatoka wapi? Tandahimba. Nyumbani wanafanya nini? Korosho. Wanalalamikia nini? Salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho, kuchelewa kufika, na ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua. Basi swali limeshapatikana, mavuno kwa mche kwa wakulima waliopuliza salfa kwa wakati na waliochelewa, kwenye kata mbili anazozijua. Kichwa hicho kikifika kwenye kamati watakisoma, kwa sababu hakuna mtu Nairobi anayeweza kukiandika kumzidi huyu kijana.

Siyo korosho tu. Kuna mwani, ufuta wa Lindi, samaki wanaoshushwa Mikindani na Kilwa, mahudhurio ya kliniki, watoto wanaoacha shule, pweza. Na kama hakuna hela ya kwenda kukusanya, ripoti za Sensa ya 2022 zipo bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, na zinashuka mpaka chini kwenye ngazi ya kata. Kijana anaweza kuuliza swali zuri kabisa kuhusu umri, elimu au nyumba bila kutoka chumbani kwake.

Programu isiwe kisingizio. R, programu ya kuchambua data, ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani, na mkiipakua mara moja kwenye flashi mnagawana bila kumaliza bando. Kwa kukusanya data kwa simu kuna KoboToolbox na ODK, dodoso linajazwa hata kijijini kusiko na mtandao, alafu linatumwa mkifika panaposhika. Waambie vijana waachane kabisa na kunakili programu za wizi, kongamanoni mtu akikuuliza umetumia nini ujibu bila kumeza mate.

Sasa kitu kimoja cha kitaalamu ambacho nakiona kinawaangusha wengi, na msimamizi ukikikamata hapa umemwokoa mwanafunzi. Tuseme kijana amehoji wakulima 200, vijiji 10, watu 20 kila kijiji. Anakaa anakokotoa kama vile amewaokota mmoja mmoja wilaya nzima. Lakini wakulima wa kijiji kimoja wanafanana, mvua yao moja, udongo mmoja, salfa wameipata AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) siku moja, kwa hiyo mtu wa 20 pale kijijini hakuongezei taarifa nyingi kama unavyodhani. Kuna hesabu fupi ya hili: chukua idadi ya watu kwa kijiji, toa moja, zidisha na kipimo cha kufanana ndani ya kijiji, jumlisha moja. Kipimo hicho kikiwa 0.05 tu, ambacho ni kidogo, unapata 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Gawanya 200 kwa 1.95, sampuli yako ina nguvu ya watu kama 103. Nusu imeyeyuka! Maana yake zile tofauti alizosema ni za uhakika huenda zisiwe za uhakika tena. Hili ndo swali la kwanza atakaloulizwa na mzee yeyote wa takwimu aliyekaa mstari wa mbele, na kijana anayelijibu kabla hajaulizwa ukumbi mzima unamtazama kwa macho mengine.

Kama wewe msimamizi hujiamini kwenye hayo, mpeleke Naliendele. Kituo cha utafiti wa kilimo kiko pale pale jirani na Mtwara mjini, ndo nyumba ya utafiti wa korosho nchini, na watu wa pale wanaishi na majaribio ya shambani kila siku. Andika barua ya heshima, omba saa moja, nenda naye. Usimtume peke yake mara ya kwanza.

Hatua ya 3: Vibali

Fupi tu. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ofisi acha nakala na chukua muhuri. Kama utafiti unagusa wagonjwa au watoto kuna kibali cha maadili, na kinachukua muda, kiombwe kabla ya kitu kingine chochote.

Vijana wengi wanaogopa kwamba kutoa takwimu ni kosa kisheria. Waelezeni vizuri. Sheria ya Takwimu ni ya 2015, na mabadiliko ya 2019 yaliweka wazi kwamba mtu anaweza kukusanya na kusambaza taarifa za kitakwimu, ila zinazoitwa takwimu rasmi zina utaratibu wake kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa hiyo mwanafunzi aseme "kwa wakulima niliowahoji", asiseme "takwimu za mkoa zinaonyesha" wakati za mkoa hakuzishika. Ni uaminifu pia, hata sheria isingekuwepo.

Hatua ya 4: Muhtasari

Maneno 250 au 300 hivi, ndo mlango wenyewe, kamati haimjui kijana wala chuo, inasoma hayo maneno tu. Sentensi mbili za tatizo, mbili za namna alivyofanya, tatu za alichopata zenye namba ndani, moja ya maana yake. Inayosahaulika ni namba. Wanaandika "matokeo yatajadiliwa", sasa mtu atakukubaliaje kwa ahadi? Kama uchambuzi haujaisha weka matokeo ya awali na useme ni ya awali.

Lugha mara nyingi ni Kiingereza. Mwache aandike kwanza kwa Kiswahili alichokiona, chote, kama anamweleza mama yake jikoni, alafu ndo mkae pamoja kukigeuza. Akianza moja kwa moja na Kiingereza anaazima sentensi za watu, na kazi inakuwa haina mwenyewe. Usimwandikie. Msahihishie, mwulize, mrudishie hata mara tano, lakini kalamu iwe yake, maana siku ya kusimama wewe hutakuwepo mdomoni mwake.

Tumeni siku kadhaa kabla ya dedlaini. Umeme na mtandao wetu mnaujua.

Hatua ya 5: Pesa

Andika bajeti hata kabla hajakubaliwa: ada ya usajili, nauli kwenda na kurudi, malazi, chakula, kuchapisha bango la kuonyesha utafiti, pasipoti kama ni nje ya nchi, chanjo ya homa ya manjano, bando, na akiba kidogo ya dharura. Ada ya mwanafunzi huwa ndogo kuliko ya wengine na anayejisajili mapema anapunguziwa tena. Alafu andikia waandaaji barua pepe uulize kama wana msamaha wa ada au ufadhili wa safari kwa wanafunzi, wengi wanao na hawautangazi kwa sauti. Kuuliza ni bure kabisa.

Ila kuna mtego hapa. Ufadhili mwingi unalipwa baadaye, yaani kijana atoe hela yake, alete risiti, arudishiwe baada ya mwezi au miezi. Mtoto wa mkulima wa Nanyumbu hela ya kutanguliza anaitoa wapi? Wengi wanakufa hapa kimya kimya, anakuandikia tu "mwalimu nimepata udhuru". Kazi ya chuo ndo hii sasa, chuo kitoe masurufu, yaani hela ya kutanguliza, kwa jina la msimamizi, kijana asafiri, malipo yakirudi yanafunga masurufu. Mhasibu atakuwa mgumu, ni kazi yake kuwa mgumu, mpelekee barua ya mwaliko, barua ya ufadhili na bajeti vyote kwa pamoja siyo kimoja kimoja. Na risiti zihifadhiwe zote, hata ya bajaji iandikwe kwenye daftari na kusainiwa.

Wachangiaji wa nje, tafuta wanaoguswa na kazi yenyewe. Kazi ya korosho ipeleke AMCOS na vyama vikuu, kama ni MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao kulingana na wilaya. Kazi ya afya peleka kwa halmashauri. Bandari, gesi, saruji, wote wako hapa hapa mkoani. Barua iwe ukurasa mmoja, kitu kama hiki:

"Ndugu Mwenyekiti, mwanafunzi wetu alipima mavuno ya wakulima wa kata yako msimu uliopita, na kazi yake imekubaliwa kuwasilishwa kwenye kongamano la watakwimu wa ukanda huu. Chuo kinalipa usajili na nauli. Tunaomba chama kichangie malazi ya siku tatu na uchapaji wa bango. Akirudi atakuja kwenye mkutano wenu kuwaeleza wanachama alichokiona, kwa Kiswahili."

Umeona, umesema nani ameshatoa nini, umeomba kitu kinachohesabika, na umeahidi kitu wanachokihitaji. Barua za "tunaomba msaada wowote" zinaishia kwenye trei.

Na muda wa kuomba. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, malipo yanaingia, Novemba na Desemba hata mzazi anaweza kutoa kitu. Ukimfuata mzazi huyo huyo mwezi wa nne unamtesa bure. Kama kongamano ni katikati ya mwaka, changisheni Desemba mkaiweke benki kwenye akaunti ya chuo au ya klabu yenye wasaini watatu, isikae kwenye simu ya mtu hata awe mwaminifu vipi.

Hatua ya 6: Ongea na nyumbani

Hii kwenye miongozo ya wenzetu haipo na huku kwetu inaweza kuzuia safari nzima, hasa kwa mabinti. Mzazi anaambiwa binti anaenda nchi nyingine siku nne na watu asiowajua. Piga simu wewe mwenyewe kama mwalimu, usimwachie mtoto. Sema anaenda na nani, atalala wapi, chumba na msichana mwenzake gani, atarudi lini, namba ya kupiga ni ipi. Na kwa familia nyingi za Kimakonde na Kiyao usiishie kwa baba na mama, uliza mjomba anasemaje, mjomba akibariki mambo yanakwisha. "Shikamoo mjomba, mimi ni mwalimu wake wa chuoni, naomba dakika tano nikueleze safari ya binti yetu." Dakika tano hizo zinafanya kazi kuliko barua yenye mihuri.

Mwenye mtoto mchanga naye asiachwe. Ulizeni waandaaji kama anaweza kuja na msaidizi, au awasilishe kwa njia ya mtandao, na kama ni mtandao mtafutieni chumba chuoni chenye intaneti ya uhakika na jenereta, siyo aegeshe simu kwenye dirisha la bweni.

Hatua ya 7: Mazoezi

Angalau mara tatu. Ya kwanza mbele ya wenzake darasani, ya pili mbele ya walimu wa idara nyingine, ya tatu mbele ya watu wasiosoma takwimu kabisa. Novemba 18 ni siku nzuri ya kufanya kakongamano kadogo ka ndani, vyuo vya Mtwara na Lindi vikae pamoja siku moja, kila mwenye kazi asimame dakika kumi. Hata wasiokwenda popote watafaidika.

Mshike saa. Dakika zikiwa kumi na tano, slaidi zisizidi kumi, na dakika ikiisha unamkatisha kweli, usimwonee huruma, kule mwenyekiti wa kikao hatamwonea. Asisome slaidi. Jedwali lenye safu ishirini litolewe, ibaki grafu moja inayoonekana mpaka mstari wa nyuma.

Alafu maswali. Muulizeni haya mpaka ayajibu usingizini: sampuli umeipataje na nani ameachwa nje? Kwa nini kipimo hiki na siyo kile? Waliokataa kujibu umewafanyaje? Matokeo yako yanamhusu nani? Ungerudia leo ungebadilisha nini? Na mfundisheni kusema kwa utulivu "hilo sikulipima, lakini ni swali zuri, nitaliandika". Vijana wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, heshima hiyo ni nzuri na wabaki nayo, ila wajue kule kumjibu profesa siyo kumkosea adabu, yeye ameuliza kwa sababu anataka kujua.

Kama Kiingereza kinamkwama, sentensi tatu za kufungua na tatu za kufunga azikariri, katikati azungumze na grafu yake. Ukianza vizuri mwili unatulia.

Bango likihitajika kipimo cha kawaida ni A0, sentimita 84.1 kwa 118.9, ila hakikisha kwa waandaaji kama ni la kusimama au kulala. Ukipata wa kuchapa kwenye kitambaa fanya hivyo, kinakunjwa kwenye begi. La karatasi linataka bomba lake, na kwenye basi litataka kukaa juu ya mizigo, asikubali.

Hatua ya 8: Safari

Mtwara mpaka Dar ni kilomita 560 na kitu, siku nzima ya basi. Kama kongamano ni Arusha au Nairobi ongeza siku nyingine. Afike siku moja kabla ya siku yake ya kuwasilisha, siyo asubuhi ile ile, mtu aliyeshuka kwenye basi na miguu imevimba hawezi kueleza chochote. Msimu wa mvua ongeza siku tena. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga na watu walikwama, kwa hiyo masika mkiwa na uwezo angalieni ndege ya Mtwara, na mkiwa hamna uwezo tangulieni.

Pasipoti iombwe mapema, mara tu muhtasari ukitumwa. Inahitaji NIDA na cheti cha kuzaliwa, na kuna vijana majina yao kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha form four hayafanani herufi moja moja. Kagueni hilo leo.

Slaidi ziwe kwenye flashi, kwenye barua pepe, na PDF kwenye simu.

Hatua ya 9: Akiwa kule

Msimamizi au mwenzake aliyekwenda naye asimfiche mgongoni. Chai ikitoka mtambulishe kwa mtu mmoja, alafu ondoka. Mwambie kila siku aongee na watu watatu asiowajua na aandike majina yao na wanachofanya kabla hajalala, maana nafasi za masters, mafunzo kwa vitendo na data zinapatikana kwenye hizo chai. Ahudhurie pia vikao vya wengine, asikimbilie mjini kununua viatu mara tu akimaliza cha kwake.

Hatua ya 10: Akirudi

Wiki ya kwanza: taarifa ya ukurasa mmoja na risiti kwa mhasibu, asante kwa kila aliyechangia ikiwa na picha, na barua pepe kwa wale watu aliokutana nao kabla hawajamsahau. Maoni aliyopewa ayaingize kwenye kazi, kwa sababu makongamano mengi yanapokea makala kamili baada ya hapo na muda wake ni mfupi.

Alafu ile ahadi ya AMCOS. Panga na mwenyekiti, nendeni siku ya mkutano wa wanachama, msipeleke projekta, pelekeni bango la Kiswahili lenye mchoro mmoja: miche iliyopulizwa mapema hapa, iliyochelewa hapa, kilo hizi. Aseme pia alichoshindwa kukijua. Wakulima watauliza maswali magumu kuliko ya kule, watamwambia mwaka ule mvua iliwahi, watamwambia shamba la fulani lina miche mizee, na hayo yote ayaandike, maana humo ndo anatoa swali la utafiti wa mwaka unaofuata. Mwende na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, ashike daftari na kuandika maswali, kwa sababu ndo yeye mtakayeanza naye hatua ya kwanza.